Mashine ya Hashimu Iliyowaonea Haya Wageni

Hashimu Mkude amekuwa jirani yangu hapa Mwembesongo tangu watoto wetu wakitambaa, na sijawahi kumwona akigombana na mtu. Yeye hugombana na vitu. Redio ikikoroma mezani kwake huiambia, "Taratibu, mama, tunakusikia." Pasi ikikataa kupata moto huiuliza nani kaikosea. Zamani alikuwa karani wa ghala la tumbaku. Siku hizi anatengeneza redio na pasi za watu barazani kwake, na watu huziacha hata zikiwa hazina ubovu mkubwa, ili wapate kumsikiliza akizibembeleza.

Kitu anachokipenda kuliko vyote hakipo barazani. Kipo sebuleni, kwenye meza ya ukutani, chini ya picha ya Kaaba. Ni kompyuta ya rangi ya maziwa ya mgando, pana na bapa kama sanduku la nguo, na kioo chake kimesimama pembeni. Ilikuwa mashine ya pale ghalani. Ofisi ilipotaka kuitupa, Hashimu aliibeba kwa toroli la mchanga, ameivika gunia isipigwe jua, na njia nzima akatembea kando yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Kompyuta ya umri ule haiwezi kubeba programu za leo. Lakini Hashimu aligundua kwenye simu yake kwamba duniani kuna watu wanaoendelea kutengeneza mfumo uitwao Zefa, yaani ile programu mama inayoiamsha mashine na kuziongoza programu nyingine, kwa kuiga mfumo mmoja uliotoka sokoni tukiwa vijana. Hawalipwi. Wanafanya kwa mapenzi tu, kama watu wengine wanavyofuga njiwa. Mmoja yuko Uholanzi, mwingine Chile, mwingine Japani, na mmoja yuko Mwembesongo nyuma ya mashine ya kusaga.

Mchango wa Hashimu katika Zefa ni Kiswahili. Ametafsiri kila neno ambalo mashine inaweza kumwambia mtu, na amelitafsiri kwa adabu ya nyumbani kwao Matombo. Ukiiwasha inakuandikia, "Karibu, habari za tangu jana?" Ukitaka kuizima inauliza, "Unaondoka mapema hivi?" Na ikishindwa kusoma diski, ile sahani ya ndani inayotunza kila kitu, inaandika, "Samahani sana, diski haisomeki. Nijaribu tena?"

Hilo la mwisho ndilo lililotuletea kasheshe yote.

Mkewe Asia anafuma vitambaa. Namaanisha vitambaa vya kroshia, vyeupe, vya makochi na meza na redio, vile ambavyo vikishapigwa wanga vinasimama pindo zake kama ua. Vya Asia vinafika mpaka Dumila, vinatandazwa barabarani pale wasafiri wa Dodoma wanapotelemka kununua vitunguu. Nyumbani kwake, siku ya mgeni, hakuna kitu kinachobaki bila nguo. Kochi linavaa, friji inavaa, deki iliyokufa zamani inavaa, thermosi ya chai inavaa kofia. Mgeni akiingia anaona theluji.

Sasa Asia alikuwa ameagiza kabati la vioo kwa fundi, na ukuta wa kuliweka ulikuwa mmoja tu, ule wa meza ya kompyuta. Hakutaka ubaya. Alisema, "Baba Hidaya, mimi sikatai mashine. Nakataa mashine isiyofanya kitu. Wageni wakija unaifunua, unawaambia tazameni, halafu inaomba samahani. Mimi nyumbani kwangu nimechoka kuombwa samahani."

Alikuwa na haki. Hashimu peke yake na mashine yake walielewana vizuri. Nimeiona mwenyewe kupitia dirishani, ikifungua hiki na kile, ikichora, ikipiga muziki wa vinubi. Lakini walipokuja wenzake wa zamani wa ghalani, iliomba samahani. Walipokuja watu wa msikitini, iliomba samahani. Na siku alipokuja shemeji yake Kibwana, kaka mkubwa wa Asia, ambaye ni mtu wa maneno tangu kuzaliwa, iliomba samahani mara tatu mfululizo, na kila mara Kibwana akaisomea sebule nzima kwa sauti ya muadhini.

"'Nijaribu tena?'" akasoma. "Jaribu, mwanangu, jaribu. Shemeji, hii mashine yako ni mwali."

"Mwali vipi?" akauliza Hashimu, mikono imo ndani ya nyaya.

"Mwali. Imewekwa ndani, inafunikwa nguo, ikisikia sauti za watu inaona haya. Haijachezwa ngoma hii. Tafuta kungwi aifunde, la sivyo itakuzeekea ndani."

Asia alicheka mpaka akaishika meza. Hashimu naye alicheka, lakini nilimwona baadaye akiifuta ile mashine kwa kiganja, polepole, kama anayeiambia isiwasikilize.

Basi Asia akatoa masharti. Jumamosi kikundi chake cha wafumaji kingekutana kwake. Hashimu alikuwa akijisifu kwa muda kwamba mashine ile inaweza kuchora mitindo ya vitambaa, chumba kwa chumba, kila kitundu cha uzi kikawa mraba kwenye kioo. Vizuri. Awaonyeshe. Ikifanya kazi, inabaki ukutani pake. Ikiomba samahani mbele ya Magdalena, mwenyekiti wa kikundi, Jumapili fundi akileta kabati, mashine inahamia stoo.

Stoo ya Hashimu haina umeme, paa lake linavuja masika na vuli, na panya wake wanajulikana mtaa mzima. Kwenda kule ni kuzikwa.

Wiki ile Hashimu hakugusa pasi ya mtu. Aliwaandikia wenzake wa Zefa, na mimi nikikaa naye jioni nilisomewa majibu. Wa Chile alisema abadili ule waya bapa unaounganisha diski na mashine. Akaubadili. Wa Japani alisema apunguze kasi ya diski kwenye mipangilio. Akaipunguza mpaka ikawa inasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwingine akampa programu ya kuipima diski nzima, kipande kwa kipande, itafute palipoharibika. Iliipima kutwa, ikamaliza, ikaandika, "Sijaona tatizo, alhamdulillah," kwa maneno ya Hashimu mwenyewe.

Hapo wa Uholanzi akauliza swali la busara: hitilafu inatokea wakati gani?

Hashimu akajibu: wageni wakija.

Siku nzima hakuna aliyeandika. Kisha Mholanzi akarudi, kwa upole, akauliza ni mashine ya Hashimu inayokataa au ni wageni.

Akaanza kuwachunguza wageni. Kwanza alishuku simu zao, kwamba mawimbi yake yanaivuruga diski. Akaweka beseni mlangoni, kila anayeingia avue viatu na aache simu. Kibwana alisimama kizingitini akalitazama lile beseni.

"Viatu nimevua. Simu pia nivue?"

"Kwa dakika chache tu, shemeji."

"Na kesho?"

"Kesho nini?"

"Kesho utaniambia nivue kofia. Keshokutwa shati. Asia, mumeo ananivua nguo huku."

Simu ikakaa kwenye beseni, mashine ikaomba samahani vilevile. Baada ya hapo Hashimu alishuku uzito, kwamba watu wakijaa sakafu inatikisika. Akawakalisha wateja wawili wa pasi mbali kule karibu na mlango wa jikoni, akawaomba wasitikise miguu. Mmoja alipopiga chafya, Hashimu aliikumbatia mashine.

Ijumaa asubuhi akaja kwangu na wazo jipya. Alitaka niwe mgeni.

Nilikaa kwenye kochi lake, kochi tupu lililopauka. Akawasha, akafungua tausi aliyemchora kwa miraba, akafunga, akafungua tena. Mashine haikukosea hata kidogo. Hashimu akanitazama kwa masikitiko.

"Wewe siyo mgeni," akasema. "Unaingia hapa bila hodi. Mashine imekuzoea."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda kwako. Uje alasiri kama mgeni kabisa. Vaa. Nitamwambia Mama Hidaya kuna mtu wa maana anakuja, bila kumtaja. Kila kitu kiwe kama siku ya wageni, la sivyo hatujapima kitu."

Mke wangu alinitafutia koti la arusi ya mdogo wake. Nikavaa na viatu vya kufunga kamba, nikazunguka mtaa ili nitokee upande wa barabara kubwa kama mtu aliyeshuka kwenye basi, nikapiga hodi kwa sauti ambayo siyo yangu. Asia akafungua mlango, amejitanda kanga mpya, sinia la chai mkononi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Baba Cecilia. Kuna msiba?"

"Hapana, shemeji. Mimi ndiye mgeni."

"Mgeni wa nini?"

"Wa maana," nikasema, na hapo koti likanishinda, nikaanza kucheka, naye akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sinia. Lakini alikuwa ameshaitandika sebule, na akasema sasa nitakaa ninywe, kwa sababu hatatandua mpaka mtu atakapoona. Nikaketi katikati ya theluji. Hashimu, ambaye hakucheka kabisa, alijikohoza.

"Karibu sana, mheshimiwa. Safari ilikuwaje?"

"Njema. Kingolwira kulikuwa na mvua."

"Naomba nikuonyeshe mashine yangu."

Kama kawaida ya siku za wageni, alikuwa ameiwasha tangu mapema, maana inachelewa kuamka na hakutaka izubae mbele za watu. Akashika kile kitambaa kilichoifunika kwa vidole viwili, akakivuta, akakitupa kwenye mkono wa kochi, akabonyeza. Tukasikia diski ikikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kioo kikaandika: "Samahani sana, diski haisomeki. Nijaribu tena?"

Hashimu akaruka. Sijapata kumwona mtu akifurahia ubovu namna ile. Alinishika mikono miwili akaitikisa, "Imekataa, jirani, imekataa," akazunguka meza, akarudi kuisoma tena kama barua ya ajira. Mimi ndani ya koti nilikuwa natikiswa na kupongezwa bila kujua nimefanya nini.

"Asubuhi wewe, alasiri wewe," akasema. "Mtu ni yule yule. Kwa hiyo kosa siyo la watu."

"Nashukuru," nikasema.

Asia hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amekiokota kile kitambaa ili akikunje, na sasa amesimama nacho, anakipapasa.

"Hiki nilikitandika kibichi," akasema.

Akakigeuza upande wa ndani.

"Baba Hidaya, wewe ulinishtukiza na huyu mgeni wako wa maana. Hiki kilikuwa bado kwenye wanga. Nilikitandika kibichi, nikasema kitakaukia hapohapo, kitachukua mpaka jioni. Saa hizi kimekauka."

Alikiweka sakafuni. Kile kitambaa kikasimama chenyewe, pembe zote, juu bapa, kuta nne, umbo lile lile la mashine, kama kibanda cha kuku. Asia akakigonga kwa kucha. Kikalia ko, ko.

Sote watatu tukaiangalia mashine. Hashimu akaweka kiganja juu ya bati lake, akakiondoa haraka, akakirudisha.

"Chapati inaiva hapa," akasema.

Mashine ile inapumulia matundu ya juu na ya ubavuni, na kitambaa cha Asia, kizito, kilichoshindiliwa wanga, kilikuwa kikiyaziba yote kutwa nzima, tena siku za wageni tu. Diski ya umri ule ikichemka haioni mbele. Wageni wakiondoka kitambaa kinaondoka, mashine inapoa, asubuhi inasoma kama hafidhi wa Kurani. Na kwa siku zote zile Hashimu amekuwa akikivua kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya macho yetu, bila yeye wala sisi kukiona, kwa sababu nani anaona kitambaa? Nilipokaa nikafikiri, nikagundua kwamba hata kwangu redio imevaa.

Tulicheka mpaka Asia akaketi chini, karibu na kile kibanda. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimekuwa naiua."

"Umekuwa ukiiheshimu tu, Mama Hidaya. Imezidiwa na heshima."

"Na kesho?"

"Kesho tusiivishe."

Asia akamtazama kama mtu aliyeambiwa ampokee mwenyekiti bila kilemba. "Sebule nzima imevaa, hii peke yake iko uchi, mbele ya Magdalena? Wanafuma vitambaa wale. Watafikiri uzi umeniishia."

Walibishana kwa upole muda mrefu, mimi nikiwa nimekwama na kikombe. Hashimu alijaribu kupendekeza kitambaa kidogo, katikati tu. Asia akasema kitaonekana kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee. Mwishoni Asia akakubali iwe uchi, lakini Hashimu aape kwamba mtu yeyote akiuliza, atajibu yeye, na atasema ni amri yake. Akaapa.

Jumamosi kikundi kikaja. Magdalena ni mama wa Mgeta, mkubwa, mpole, Mkatoliki wa misa ya alfajiri. Alikuja na kabichi mbili kwenye kikapu na miwani ya kufumia shingoni. Nyuma yao, bila kualikwa, akaingia Kibwana, mikono ya shati imekunjwa.

"Nimekuja kubeba," akatangaza. "Nasikia kuna mzigo wa stoo."

"Shikamoo, Mama Jesca," Hashimu akamwamkia Magdalena, akimpita Kibwana.

"Marahaba, baba." Magdalena akaketi, akapokea chai, macho yake yakatembea kochi kwa kochi, pindo kwa pindo, mpaka ukutani. Yakasimama. "Asia, mwanangu. Hii mbona hujaivisha?"

Asia akaangalia kikombe chake.

"Ni mimi, mama," Hashimu akasema. "Nimemkataza. Ikivaa inaugua."

"Inaugua?"

"Joto."

"Mwali katolewa bila kanga," Kibwana akasema pembeni. "Ndiyo Mwembesongo hii."

Hashimu akabonyeza. Diski ikakwaruza. Ikanyamaza. Nilimwona Asia, aliyelitaka kabati lile kwa mwaka mzima, akiuma mdomo. Kibwana akainama mbele, tayari kusoma samahani. Diski ikakwaruza tena, ndefu, halafu mraba mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini, tausi akajaza kioo, na shingo yake, na mkia umefunguka.

Akina mama walisogea kwa pamoja. Hawakusema chochote kuhusu kompyuta. Walianza kuhesabu vyumba. Magdalena alivaa miwani, akaweka kidole juu ya kioo chenyewe.

"Hapa mkiani umezidisha chumba," akasema. "Kimoja. Ukifuma hivi, mkia utapinda."

Kila mwanamke mle alijua maana yake. Mkia ule ukiwa wa uzi, ni kufumua kazi ya juma zima.

"Kipi, mama?" Hashimu akauliza. "Hiki?"

Akabonyeza. Kile chumba kikatoka.

Magdalena akavua miwani, akaivaa. "Kimekwenda wapi?"

"Nimekitoa."

"Bila kufumua?"

"Bila kufumua."

"Hebu kirudishe."

Akakirudisha.

"Kitoe tena."

Akakitoa. Mama mmoja akapiga kigelegele kidogo, kama aliyejisahau, na baada ya hapo hapakuwa na mkutano. Walitaka tausi wawe wawili, wanatazamana. Walitaka mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Magdalena alitaka zabibu na ngano kwa ajili ya kitambaa cha altare, akamwelekeza Hashimu kwa kidole, "Panda, panda, shuka, hapo, hapana, rudi," na Hashimu akapanda na kushuka, jasho linamtoka, anacheka peke yake. Chai ikapoa. Mashine haikuomba radhi hata mara moja.

Kibwana alibaki amesimama na mikono yake iliyokunjwa. "Sasa mimi nabeba nini?" akauliza.

Asia alikuwa amejipenyeza mpaka mbele. Akamgusa mumewe begani. "Baba Hidaya, pisha."

"Nipishe?"

"Unapanda vibaya. Zabibu haiwi na kona. Pisha nikae."

Hashimu akainuka kwenye kiti chake, ambacho sijawahi kumwona mtu mwingine amekikalia. Asia akaketi, akashika kipanya kama anavyoshika sindano, kwa vidole vitatu.

"Na kabati la kesho?" Kibwana akauliza. "Litasimama wapi?"

"Chumbani," Asia akasema bila kugeuka. "Kaka, umekuja kubeba, si ndiyo? Nendeni mkasogeze kitanda."

Tukaenda, wanaume watatu. Kitanda cha Hashimu ni cha mninga, cha urithi wa mjomba wake, na kinaonekana kiliingizwa chumbani kabla nyumba haijajengwa. Kibwana alishika upande wa kichwani, mimi na Hashimu miguuni, tukakiinua kidogo kutoka sakafuni, tukaanza kukisogeza ukutani huku Kibwana akilalamika kwamba yeye alikuja kubeba sanduku, siyo msitu. Huko sebuleni vicheko vilipanda, vikashuka, kisha sauti ya Asia ikaja juu ya zote.

"Baba Hidaya, nimefuta tausi wote. Nawarudishaje?"

Hashimu akaachia kitanda akaenda mbio.

"Shemeji," Kibwana akaita, taratibu kabisa, akiwa amefumba macho. "Shemeji, rudi. Mguu wangu uko chini ya kitanda."